Doksi, jua na kucha zinazoachia: niache dawa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Longido, miaka 34, na nafuga mbuzi. Nilipimwa nikakutwa na brusela, ule ugonjwa unaotoka kwa mifugo, nikapewa doksi (doksisaiklini) ya mg 100 asubuhi na jioni pamoja na rifampisini kwa wiki sita. Sasa niko wiki ya nne. Wiki ya pili mikono na shingo viliwaka kama nimemwagiwa maji ya moto, ngozi ikawa nyeusi tii. Juzi kucha nne za kila mkono zimeanza kuuma, zimekuwa za kahawia na zinaachia kwa mbele. Vidole gumba viko salama. Muuza duka la dawa anasema ni fangasi, anataka kuniuzia vidonge. Mwenzangu anasema ni aleji, niache doksi. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Jibu lenyewe kwanza, maelezo yafuate. Usiache doksi. Usinunue vidonge vya fangasi. Kabla hujawasha pikipiki tena, funika mikono mpaka ncha za vidole, kisha ndani ya siku mbili hizi rudi kwa aliyekuandikia dawa azione kucha zako kwa macho yake. Hayo uliyoeleza yanalingana na jambo linalojulikana vizuri kwenye dawa hii: doksi na jua vimekutana ndani ya ngozi na chini ya kucha, vikachoma.

Ukimeza doksisaiklini, damu huipeleka mpaka kwenye ngozi. Ukiwa kivulini inatulia tu. Ikipigwa na ile mionzi ya jua iitwayo UVA, hunyonya nguvu ya mionzi hiyo na kuihamishia kwenye oksijeni iliyo jirani, na oksijeni hiyo hugeuka kuwa kali kiasi cha kuchoma kuta za seli. Dawa peke yake isingekuchoma, na jua ulilolizoea tangu utoto lisingekuchoma hivi. Mpaka viwili hivyo vikutane. Kwa kuwa dawa unaihitaji, kinachobaki ni kuondoa jua.

Aleji ni kitu kingine. Aleji ni kinga ya mwili kuikataa dawa. Huwasha sana, na vipele vyake huweza kutokea hata mgongoni na tumboni ambako jua halifiki. Vua shati ujikague mbele ya kioo. Ukikuta mpaka ulionyooka pale mkono wa shati unapoishia, alama kama herufi V chini ya kola, ngozi isiyoungua chini ya kidevu na nyuma ya masikio, na pengine mkanda wa saa umeacha duara la ngozi nzuri katikati ya iliyoungua, basi hilo ni jua. Ukikuta vipele vimevuka mipaka hiyo vikaenea palipofunikwa, habari inabadilika, na mganga wa kituoni anatakiwa ajue siku hiyo hiyo.

Dozi nayo ina uzito wake. Unameza mg 200 kwa siku, ambayo ndiyo dozi sahihi ya brusela kwa mtu mzima, lakini ni mara mbili ya mg 100 anazomeza msafiri kujikinga na malaria. Kadiri dozi inavyopanda ndivyo ngozi inavyoungua kirahisi. Usiipunguze kimya kimya kwa sababu hiyo. Nimeitaja ili ujue kwamba hujakosea kuimeza, wala hukupewa dawa mbovu.

Wapo wanaoamini ngozi nyeusi haiungui na jua. Huungua, hasa dawa hii ikiwa ndani. Melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, inapunguza mionzi, haiizuii yote. Tofauti ni kwamba wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mtu hukosa onyo la macho. Onyo lako ni hisia: ngozi ikianza kuchonyota ukiwa juani, hata kama rangi haijabadilika, tayari inaungua, nawe ingia kivulini dakika ile ile. Maumivu hufika kilele siku ya kwanza au ya pili. Baadaye ngozi hukaza, hung'aa, huambuka, na kubaki na weusi unaoweza kukaa miezi kadhaa.

Sasa kucha, ambazo naona ndizo zimekutisha zaidi. Kucha ni ngumu kuishika lakini hupitisha mwanga, na kwa jinsi ilivyopinda hukusanya mwanga kidogo kama lenzi. Chini yake kuna nyama laini ambayo haina lile tabaka kavu la juu linaloikinga ngozi ya kawaida, na kwa kawaida melanini yake ni kidogo kuliko ya mgongo wa mkono. Ndiyo maana kuna watu ambao ngozi haikupata kitu lakini kucha zikaachia. Nyama ile ikiungua hutoa maji au damu kidogo, na kucha iliyokuwa imegandana nayo inanyanyuka. Huo ukahawia unaouona mara nyingi ni damu iliyokauka.

Na vidole gumba? Panda pikipiki ikiwa imezimwa, shika usukani kama unaendesha, halafu angalia mikono yako. Kucha nne zimeelekea juu na mbele, zinapokea jua moja kwa moja. Dole gumba limezunguka chini ya mshikio, kivulini. Rudia hilo masaa manane kwa siku kwa wiki tatu, utapata picha ile ile uliyoniandikia. Hiki ndicho kinachonifanya niamini ni jua kuliko kitu kingine chochote. Angalia na miguu: kama unavaa viatu vya kufunika, kucha zake zitakuwa nzima, kama unavaa katambuga, kagua dole gumba la mguu.

Fangasi haiji namna hiyo. Fangasi ya kucha huchukua miezi, huanza kwenye kucha moja au mbili, mara nyingi za miguuni, hailipuki kwenye kucha nane kwa mpigo. Kucha yenyewe hunenepa, huvimba kwa chini na kumeguka kama unga, na mwanzoni haiumi. Ya kwako ni laini kwa juu, inauma, na sehemu iliyoachia imekaa kama nusu mwezi, huku mikono yote miwili ikifanana. Kuna jambo jingine kuhusu vile vidonge vya dukani. Dawa ya fangasi inayouzwa sana kwetu ni griseofulvini, na griseofulvini yenyewe ni miongoni mwa dawa zinazoifanya ngozi ishindwe kuvumilia jua. Ungeongeza mafuta kwenye moto, tena kwa ugonjwa usiokuwa nao.

Kwa nini nasisitiza usiache doksi? Vijidudu vya brusela hujificha ndani ya seli za mwili, na hiyo ndiyo sababu tiba ni wiki sita na si siku saba, na ni dawa mbili na si moja. Ukikatisha wiki ya nne utajisikia mzima, halafu baada ya wiki au miezi homa inarudi, jasho la usiku linarudi, kiuno na viungo vinauma upya, na safari hii vijidudu vinaweza kuwa vimekaa kwenye pingili za mgongo. Usiache doksi ukabaki na rifampisini peke yake pia. Dawa moja inaongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Ikiwa kucha zimetoa malengelenge au maumivu hayavumiliki, mganga anao uwezo wa kubadilisha mpango, kwa mfano kuweka kotrimoksazoli (Septrin) mahali pa doksi. Uamuzi huo ni wake baada ya kukuona, nawe uende ukiwa bado unameza.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba umeze doksi usiku tu ili mchana iwe imeisha mwilini. Hausaidii. Dawa hii huchukua kati ya masaa 16 na 22 kupungua nusu tu, kwa hiyo mchana wote ipo, umemeza saa ngapi vyovyote vile. Tena kuimeza na kulala papo hapo huleta hatari nyingine nitakayoieleza mbele.

Tuje kwenye kufunika. Anza na mikono. Tafuta glavu za vidole vizima, za ngozi au za pamba nzito. Hata zile za kazi zinazouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi zinafaa. Zile za vidole nusu wanazozipenda madereva hazina maana kwako, zinaacha wazi mahali penyewe panapoungua. Kipimo cha kitambaa ni rahisi: kinyooshe dhidi ya mwanga wa dirisha. Ukiona nuru inapenya kwenye matundu ya ufumaji, na mionzi inapenya. Pamba iliyolowa jasho hupitisha zaidi kuliko kavu, kwa hiyo kuwa na jozi mbili, moja ikikauka nyingine iko mkononi. Ikitokea siku huna glavu, zungushia kila kidole plasta ya kitambaa ifunike kucha nzima. Rangi ya kucha nzito isiyopitisha mwanga nayo husaidia, na dada au mama anayesoma hapa akiwa kwenye doksi anaweza kuitumia, mradi kucha bado haijaachia.

Mikono ya shati iwe mirefu, kitambaa kizito na cha rangi iliyokolea. Shuka lililofumwa kwa kubana ni kinga nzuri sana likifunika mabega na shingo. Helmeti hailindi shingo, kwa hiyo funga kitambaa kuanzia chini ya masikio mpaka ndani ya kola. Ukishuka kwenye pikipiki vaa kofia yenye ukingo mpana pande zote, si kapelo, maana kapelo huacha masikio na shingo.

Kuhusu saa: jua kali zaidi ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Lakini UVA haisubiri saa 4. Inakuwepo asubuhi na jioni, inapita kwenye mawingu, inapita kwenye kioo cha kawaida cha dirisha. Longido iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, hata kama upepo wa huko unakudanganya kwamba kuna ubaridi. Kwa wiki hizi mbili zilizobaki, ukiweza, beba abiria alfajiri na baada ya saa 11 jioni. Najua hesabu ya siku haikuachii nafasi kubwa, ndiyo maana nimeweka glavu mbele ya kila kitu.

Losheni ya kukinga jua ni kwa uso, masikio na sehemu ambazo nguo haifiki. Namba ya SPF hupima zaidi mionzi ya UVB, ambayo siyo inayokuchoma wewe, kwa hiyo namba kubwa peke yake haitoshi. Tafuta chupa iliyoandikwa UVA ndani ya duara, au yenye oksidi ya zinki, SPF kuanzia 30. Paka kijiko cha chai kimoja kwa uso na shingo, na kimoja kwa kila mkono ulio wazi, robo saa kabla ya kutoka. Rudia kila baada ya masaa mawili na ukishafuta jasho. Wengi hupaka robo ya kiasi hicho, kisha wanasema losheni haifanyi kazi. Mafuta ya mgando na ya nazi hulainisha ngozi, hayazuii jua. Na ile losheni ya Kilisun inayotengenezwa Moshi imekusudiwa watu wenye ualbino, ambao kwao ni kinga ya saratani maisha yao yote. Tafadhali usiombe chupa ya mwenzako. Wewe nguo zinakutosha.

Kucha zenyewe zitunze hivi. Kata sehemu iliyoachia kwa kikata kucha, kidogo kidogo, uishie pale inapoanza kushikamana, bila kuvuta. Sehemu iliyoachia haitashikamana tena hata uifunge vipi, na ukiiacha ndefu itanasa kwenye klachi au kwenye mfuko na kuchanika zaidi. Usichokonoe chini yake kwa njiti ya kiberiti, mwiba wala ncha ya kisu. Kila unapochokonoa unasogeza mwachano nyuma na kupeleka uchafu ndani. Osha kwa maji na sabuni, kausha vizuri. Ukikamua mbuzi au kuosha pikipiki, vaa glavu za mpira na uzivue mara umalizapo. Ikitokea rangi ya kijani chini ya kucha, ni bakteria wa unyevunyevu: loweka vidole dakika 5 hadi 10 mara mbili kwa siku kwenye siki nyeupe kipimo kimoja na maji vipimo vinne, ukaushe, na umwambie mganga. Usaha, uvimbe wa pembeni mwa kucha au maumivu yanayopiga kama mapigo ya moyo ni ya kupelekwa kituoni siku hiyo.

Kucha ya mkono hukua karibu milimita 3 kwa mwezi. Mwachano wa milimita 6 utahitaji kama miezi miwili kusukumwa mbele, na kucha nzima hujibadilisha kwa takriban miezi sita. Ya mguuni huchukua mwaka na zaidi. Kucha mpya huja nzuri, bila kovu.

Kwa ngozi inayowaka, weka kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi ya kawaida, si barafu, dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, kisha mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Malengelenge usiyatoboe. Kwa maumivu meza parasetamo, vidonge viwili vya mg 500 kila baada ya masaa 8, siku chache tu, kwa kuwa ini lako tayari lina kazi ya rifampisini. Epuka piroksikamu na naproksini, na jeli ya ketoprofeni ya kupaka, kwa sababu nazo hugombana na jua. Usipake limau wala ndimu: maji yake juani huchoma ngozi hata ya mtu asiyemeza dawa yoyote. Na ule weusi usiukimbilie kwa mkorogo. Utafifia wenyewe ukiendelea kujifunika, wakati mkorogo utakuachia ngozi nyembamba isiyohimili jua.

Kumeza nako kuna utaratibu. Meza doksi pamoja na chakula, kwa glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa au umesimama, na usilale kwa nusu saa. Kidonge kikikwama kooni kinachimba kidonda, na maumivu yake kifuani watu huyadhania moyo. Dawa za kiungulia na vidonge vya madini ya chuma viache mbali kwa masaa 3. Maziwa yanapunguza kidogo tu nguvu ya doksi, ila ni bora yasiwe ndiyo ya kumezea. Na maziwa ya mbuzi wako yachemke, yatokote kabisa, kila mara kabla ya kunywewa, kwa familia yote. Bila hivyo unatibiwa huku unajiambukiza upya. Rifampisini yenyewe imezwe tumbo likiwa tupu, na mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe, ni rangi ya dawa.

Yapo mambo ya kukimbilia hospitali bila kusubiri: vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri pamoja na ngozi kubabuka, malengelenge makubwa yaliyoenea, kichwa kuuma sana huku macho yakiona ukungu au vitu viwili viwili, macho kuwa ya njano, kumeza kunakouma kiasi cha kushindwa kunywa maji. Hapo simamisha dawa zote, uende nazo mkononi ukaonyeshe.

Kwa wasomaji wengine, maana doksi hutumika kwa mengi. Anayepewa siku 7 kwa magonjwa ya zinaa anaweza kuungua ngozi, kucha ni mara chache kwa kuwa huhitaji muda zaidi, kwa kawaida wiki mbili au zaidi. Mgonjwa wa matende anayemeza wiki nne hadi sita, na kijana anayetibu chunusi kwa miezi, wajikinge sawasawa na dereva huyu. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 8 wasipewe doksi bila uamuzi wa daktari, kwa sababu ya meno ya mtoto. Siprofloksasini na ndugu zake nazo huchoma juani, ingawa kwa kawaida kwa kiasi kidogo kuliko doksi. Septrin huweza pia, na vipele vya Septrin vichunguzwe haraka zaidi kwa kuwa aleji yake huwa kali. Amoksilini, erithromaisini na azithromaisini hazina kawaida ya kuleta tatizo hili.

Ndugu yangu wa Longido, ukimaliza kidonge cha mwisho usivue glavu siku hiyo. Dawa inahitaji siku nne hadi tano kuisha mwilini, kwa hiyo hesabu wiki nzima. Kucha nyingine inaweza kuachia hata baada ya hapo, kutokana na mwanga iliyoupata tayari. Ukienda kituoni, mwombe mganga au mfamasia ajaze fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) ya madhara ya dawa: jina la dawa, dozi, siku uliyoanza, siku ngozi ilipowaka na siku kucha zilipoanza kuuma. Piga picha ya mikono yako leo, gumba likiwa pembeni ya zile nne, uende nayo.